Presha, Wasiwasi na Kijana: Jipe Wiki Moja ya Kupima Kabla ya Kuamua

Umeingia duka la dawa kununua dawa ya kichwa. Mezani pana mashine ya presha, muuzaji anakwambia, "Weka mkono hapo, kaka," nawe unaweka. Inasoma 152 kwa 96. Una miaka 27. Moyo unaanza kwenda mbio, unaomba upimwe tena, namba inapanda zaidi, na unatoka pale ukiwa umeshajihesabu mgonjwa. Usiku huo unalala na vidole shingoni, unasikiliza mapigo.

Vijana wanaokutwa na hali hii kwa kawaida hupewa mojawapo ya majibu mawili, na yote mawili yanawaumiza. La kwanza ni, "Wewe bado mdogo, hayo ni mawazo tu, kapumzike." La pili ni vidonge papo hapo, mara nyingine vile vya baba au mama vilivyobaki kabatini. Jibu la kwanza linaweza kuuficha ugonjwa wa figo kwa miaka mingi. La pili linaweza kumwingiza mtu mwenye afya yake kwenye dawa asizozihitaji, na kumthibitishia hofu yake kila asubuhi anapomeza kidonge.

Ninachokuomba kinataka subira. Usikubali kuhukumiwa na namba moja uliyopimwa ukiwa na hofu, wala usiitupe namba hiyo kwa sababu tu una hofu. Pima kwa utaratibu kwa wiki moja, andika, kisha uamue pamoja na daktari ukiwa na daftari mkononi.

Wakati ambapo husubiri wiki iishe

Hili tulimalize kwanza. Ukiwa na maumivu ya kifua yanayobana, pumzi inayokatika, mkono au mguu wa upande mmoja uliolegea, ulimi mzito, macho yaliyopoteza uwezo wa kuona ghafla, kuchanganyikiwa, au kichwa kinachopasuka kwa namna ambayo hujawahi kuipata, nenda hospitali sasa hivi, iwe umepima au hujapima. Mashine ikisoma 180 kwa 120 au zaidi nawe huna dalili yoyote kati ya hizo, kaa kimya dakika 5 upime tena. Ikibaki pale pale, muone daktari siku hiyo hiyo. Na mjamzito anayesoma 140 kwa 90 hana wiki ya kusubiri. Aende kliniki siku hiyo, na ikifika 160 kwa 110 hiyo ni dharura, hata kama anajisikia mzima kabisa.

Hofu inavyoipandisha namba

Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake, madaktari wa Milan nchini Italia, walichapisha matokeo ambayo kila kijana mwenye wasiwasi angefaa kuyajua. Walipima presha ya wagonjwa waliolazwa kwa kipimo kilichowekwa ndani ya mshipa wenyewe wa damu, mfululizo, ili waone kinachotokea daktari anapoingia. Daktari alipofika kitandani na kuanza kupima, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa takribani 27, na ya chini takribani 15. Kilele kilikuja ndani ya dakika chache za mwanzo, kisha presha ikaanza kushuka daktari akiwa bado yupo. Baadaye walijaribu na wauguzi, na ongezeko likawa dogo zaidi.

Sasa chukua 152 kwa 96 ya pale dukani, utoe 27 na 15. Sisemi hivyo ndivyo ilivyo kwako, maana kila mwili una kiwango chake cha kushtuka. Ninachosema ni kwamba namba ya dukani peke yake haiwezi kukuambia kama una ugonjwa au ulishtuka. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini, moyo unapiga kwa nguvu na kasi, mishipa inabana, presha inapanda. Hofu ikipita, inashuka. Ugonjwa wa presha ni pale namba inapobaki juu hata ukiwa umetulia, siku baada ya siku.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu hawasikii kitu. Ile hali ya moyo kudunda, vidole kufa ganzi, koo kuziba, kifua kubana na miguu kukosa nguvu, ambayo kijana huieleza kwa maneno "presha imenipanda", mara nyingi ni mwili wenye wasiwasi unaovuta hewa haraka kuliko unavyohitaji. Kwa hiyo usiipime presha yako kwa kusikiliza kisogo. Kisogo kinaweza kuuma presha ikiwa sawa, na kikatulia presha ikiwa 170.

Na hapa niitaje "presha ya kushuka". Mabinti wengi wembamba hupimwa wakakutwa na 95 kwa 60, wakaambiwa walambe chumvi na wanywe soda. Kwa msichana asiyezimia wala kuona kizunguzungu akisimama, hiyo kwa kawaida ni presha yake tu, na ni nzuri. Akiwa na kizunguzungu, anahitaji kuangaliwa damu, maji mwilini na chakula anachokula. Kijiko cha chumvi hakitibu lolote kati ya hayo.

Wiki yenyewe

Tafuta mashine inayofungwa juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono na saa za kisasa zinakosea kirahisi. Kama huna uwezo wa kununua, azima kwa jirani, changieni watu wawili watatu, au panga na muuguzi wa zahanati ya karibu upite kwa siku kadhaa na umuombe akuache ukae kwanza. Mkanda ukutoshe, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba isiyokuwepo. Wanaume wanaofanya mazoezi ya vyuma na watu wanene hukosewa hivi mara nyingi.

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usipande ngazi mbio. Nenda haja ndogo, maana kibofu kilichojaa nacho hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, uegemee, nyayo zote mbili sakafuni, miguu usiikunje. Mkono uulaze juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya shati. Kisha nyamaza dakika 5. Kunyamaza huku ndiko watu hukuruka, na ndiko kwenye thamani kubwa kuliko yote. Usiongee, usijibu meseji, usiangalie mechi. Kuongea tu wakati mashine inapima kunaweza kupandisha namba ya juu kwa 10.

Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula, kwa siku 7. Andika kila namba kama ilivyo, pamoja na mapigo ya moyo. Usiifute ile iliyokutisha, wala usirudie kupima mpaka upate unayoitaka. Wiki ikiisha, achana na namba za siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo mwili ulikuwa unaizoea mashine. Zinabaki 24. Jumlisha za juu ugawe kwa 24, kisha za chini vivyo hivyo.

Wastani wa nyumbani ukiwa chini ya 135 kwa 85, yaelekea kwamba ile ya dukani ilikuwa ya mshtuko. Usisherehekee kwa kusahau kabisa. Watu wa aina hii wanafaa kupima tena angalau kila mwaka, kwa sababu baadhi yao hupata presha ya kweli baadaye. Wastani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, chukua daftari uende kwa daktari. Kipimo cha kliniki chenyewe kwa kawaida hutumia mpaka wa 140 kwa 90, na Wamarekani tangu mwaka 2017 huanzia 130 kwa 80, kwa hiyo usishangae ukisikia namba tofauti kutoka kwa watu tofauti.

Halafu kuna sheria moja ambayo kwa mtu mwenye wasiwasi ni muhimu kuliko zote nilizotaja. Ukimaliza kupima asubuhi, mashine inarudi kabatini mpaka jioni. Usipime moyo ukiwa unadunda. Usipime saa 8 usiku uliposhtuka usingizini. Namba utakayoipata itakuwa juu, itakutisha, itapanda tena, na unaweza kuzunguka hivyo hadi alfajiri bila kujua chochote kipya. Nimewaona watu wanaopima mara nyingi kwa siku, na mashine imekuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Kama unajijua huwezi kujizuia, mpe ndugu yako aishike, akuletee saa ya kupima tu.

Vinavyopandisha presha bila wewe kujua

Kabla hujailaumu akili, kagua mfuko wako. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo vijana wanaofanya kazi za nguvu na madereva wa bodaboda huzimeza karibu kila siku kwa ajili ya mgongo, hupandisha presha na kuumiza figo zikitumika kwa muda mrefu. Dawa za mafua za kuzibua pua nazo hupandisha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili pia, ndiyo maana mtoa huduma anatakiwa akupime kabla ya kukuandikia. Kama hakukupima, mwambie akupime. Vidonge vya kunenepesha mwili vinavyouzwa bila karatasi ya maelezo huenda vina steroidi ndani yake, na steroidi hupandisha presha na sukari pamoja.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi na kahawa nyingi hufanya kazi mbili mbaya kwa wakati mmoja. Vinapandisha namba, na vinaleta ule mdundo wa moyo ambao mwenye wasiwasi huutafsiri kuwa anakufa. Kijana anayeendesha usiku kwa chupa mbili tatu za kinywaji hicho, halafu anakuja kulalamika kwamba moyo wake una matatizo, aanze kwa kupunguza chupa hizo kidogo kidogo kwa wiki mbili. Apunguze, asikate ghafla, maana kichwa kitamuuma siku kadhaa na ataogopa upya.

Pombe na sigara unazijua. Chumvi ndiyo hujificha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Supu ya asubuhi, chipsi zilizonyunyiziwa mara mbili, viungo vya mchuzi vya pakiti, mkate, na ng'onda jioni: mtu anaweza kuipita gramu 5 kabla hajashika kikopo cha chumvi. Anza na kimoja. Mwambie muuza chipsi asiweke chumvi, utaweka mwenyewe. Ongeza mchicha, maharage, ndizi, viazi vitamu na parachichi, ambavyo vina madini ya potasiamu yanayosaidia mwili kutoa chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate ushauri huu wa potasiamu bila kumuuliza daktari wake.

Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunashusha presha na kunapunguza wasiwasi pia. Sijui kidonge kimoja kinachofanya yote mawili vizuri hivyo. Wenye hofu huogopa mazoezi kwa sababu moyo ukienda mbio wanaukumbuka ule usiku wa kutisha. Anza kwa mwendo wa kawaida na uongeze taratibu. Mwili utajifunza kwamba moyo kwenda mbio si hatari kila mara, na hilo hulijui mpaka uupitie mwendo huo ukiwa salama.

Hofu nayo itibiwe

Wimbi la hofu likikujia, moyo ukidunda na kifua kikibana, jua kwamba kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka lenyewe. Kazi yako ni kutoliongezea. Kaa, egemea, vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6. Hiyo inakupa pumzi 6 kwa dakika. Usivute kwa nguvu wala kujaza kifua, kwa sababu kuvuta hewa nyingi ndiko kunakotia vidole ganzi. Fanya dakika 5. Fanya hivyo pia kila jioni ukiwa mzima, ili siku ya hofu usiwe unajifunza upya. Mara ya kwanza unapopata maumivu ya kifua usijitibu kwa pumzi, nenda ukapimwe moyo. Ukishaambiwa moyo ni mzima na hali ikarudi vile vile, hapo pumzi ndiyo kazi.

Lakini kupumua hakulipi deni. Vijana wengi ninaowasikia wana sababu za kuwa na wasiwasi: mkopo wa kausha damu unaokusanywa kila wiki, simu za mikopo ya mtandaoni zinazowapigia hadi ndugu, ajira isiyokuja baada ya chuo, mikeka ya kubeti iliyokula hela ya kodi, nyumbani wanasubiri atume. Kumwambia mtu huyu "usiwaze" ni kumuongezea mzigo. Chukua karatasi. Andika kila unayemdai na anayekudai, kiasi, na tarehe. Chagua jambo moja tu unaloweza kulifanya kesho kabla ya saa 6 mchana: kumpigia mmoja uombe muda, kufuta programu ya kubeti, kumwambia mama ukweli kwamba mwezi huu hutatuma. Wasiwasi wa deni lililoandikwa hupungua kwa sababu sasa una mpaka, na ule wa deni linalozunguka kichwani hauna.

Na ongea na mtu. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo mazito, hatua kwa hatua, tatizo moja kwa wakati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa na shahada. Walisikiliza bila kukatiza na wakamsaidia mtu achague hatua ya kwanza. Shangazi mwenye busara, kiongozi wa dini asiyekimbilia kulaumu, rafiki asiyepeleka maneno, wanaweza kuanza kazi hiyo.

Hofu ikikunyima usingizi au kukuzuia kwenda kazini kwa wiki kadhaa, nenda hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa, na zote zinasaidia. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda leo, na mwambie mtu mmoja akusindikize. Usinunue diazepamu dukani ili ulale. Inatuliza haraka, lakini mwili huizoea haraka, na kuiacha baadaye kunaweza kuleta wasiwasi mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

Ukifika kwa daktari

Daftari lako likionyesha presha ya kweli nawe hujafika miaka 40, muulize swali hili kwa heshima: "Daktari, tumetafuta chanzo?" Wazee wengi hawana chanzo kimoja kinachoonekana. Kwa kijana kinafaa kutafutwa, kwa kuwa baadhi ya vyanzo vinatibika. Apime mikono yote miwili. Mkojo uangaliwe protini na damu. Damu ipimwe kreatinini, potasiamu na sukari, ufanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, na figo ziangaliwe kwa ultrasaundi kama itahitajika. Mwambie kama unakoroma sana hadi mwenzako anaona umeacha kupumua, kwa sababu ugonjwa huo wa usingizi hupandisha presha na kukuamsha na hofu. Mwambie kama unapata vipindi vya kichwa kuuma, jasho na moyo kudunda kwa pamoja. Mara nyingi ni wasiwasi, lakini tezi ya shingo, na mara chache sana uvimbe juu ya figo, huleta dalili hizo hizo, na vina vipimo vyake.

Akikuandikia dawa, usiombe ile iliyomfaa jirani. Propranololi hutuliza mdundo wa moyo na wengi huipenda kwa hilo, ila inaweza kumbana vibaya mwenye pumu, na ukiizoea hutakiwi kuikata ghafla. Enalaprili na losartani ni dawa nzuri za presha, lakini zinamdhuru mtoto aliye tumboni. Binti anayeweza kupata mimba amwambie daktari waziwazi, hata kama hajaolewa, hata kama mama yake amekaa pembeni. Amuombe mama atoke kidogo kama itabidi.

Kisha endelea na daftari. Pima kwa utaratibu ule ule siku chache kabla ya kila miadi ya kliniki, ukaonyeshe namba zote, na kwenye ukurasa huo huo uandike ulilala saa ngapi na ulikunywa nini. Dawa ikikuletea miguu kuvimba au kikohozi kikavu, rudi useme, ibadilishwe. Zipo nyingine.